Utando mweupe mdomoni: nani kaufungulia mlango?

Shangazi yangu aliacha kuimba kwaya mwezi wa Juni, baridi ya Njombe ilipokaza. Jumapili ya kwanza alisema ni mafua. Ya pili akasema koo. Ya tatu hakusema kitu, alibaki nyumbani anachambua maharage, na nilipoingia kumwamkia alivuta ncha ya khanga akaziba mdomo kama mtu aliyepitiwa na vumbi la lori. "Shikamoo shangazi." Akaitikia marahaba humo humo ndani ya khanga.

Ilinichukua siku mbili na birika kadhaa za chai mpaka akakubali kukifungua kinywa karibu na dirisha. Ungedhani amekula mtindi akasahau kuumeza: madoa meupe juu ya ulimi, mengine ndani ya mashavu, mengine yamepanda hadi kwenye kaakaa. Pembeni mwa midomo ngozi imechanika. "Umeona, mwanangu?" akasema kwa sauti ya chini. "Nikasimame mbele ya kanisa na mdomo huu, watu watasemaje?"

Alichokiogopa hakukitaja, na kwa mtu aliyekulia Nyanda za Juu Kusini hakuna haja ya kukitaja. Huku kwetu mdomo mweupe una tafsiri moja. Kuna miaka tulizika sana, na wengi wa tuliowazika walikuwa na utando huo kabla hawajafa. Waliowauguza hawajasahau. Tafsiri hiyo moja inawaponza watu wa namna mbili. Wako wanaouficha mdomo miezi mizima kwa kuogopa jibu ambalo huenda si lao. Na wako ambao jibu ni lao kweli, ila wananunua dawa ya utando, unatoka, wanarudi kazini, na kilichouleta kinaendelea kuwala taratibu.

Mwenyeji aliyekaa kimya

Anayefanya utando ule ni fangasi wa jamii ya hamira, aitwaye kandida. Hamira ya maandazi ni ndugu yake wa mbali. Mtu wa Iringa ataelewa upesi nikimkumbusha ulanzi. Mgema anakata ncha ya mwanzi mchanga, anafunga chombo chake, maji matamu yanadondoka. Yakinywewa mapema mtoto wa shule anaweza kupewa. Yakiachwa yanaanza kutoa povu yenyewe, na jioni ya siku inayofuata yanamwangusha mtu mzima. Hakuna aliyetia hamira mle. Ilikuwepo kwenye mwanzi, kwenye chombo, hewani, ikapata sukari na nafasi. (Nisieleweke vibaya: kunywa ulanzi au kula maandazi hakuleti ugonjwa huu. Wagema wana lawama za kutosha.)

Kandida naye yumo vinywani mwetu. Kwa makadirio, kati ya theluthi moja na zaidi ya nusu ya watu wazima wenye afya njema wanaye muda huu, nawe unayesoma hapa pengine ni mmoja wao. Hafanyi lolote kwa sababu amezungukwa. Mate yanamwosha kila wakati na yana kemikali za kumdhoofisha. Bakteria wa kinywani wamejaza nafasi, hawamwachii pa kukaa. Na chini ya ngozi laini ya kinywa kuna askari wa kinga ya mwili, hasa zile chembe nyeupe ambazo VVU huzishambulia. Mmoja wa walinzi hawa akisinzia, fangasi anaongezeka, anajishikiza kwenye ngozi na kutoa nyuzi zinazopenya ndani. Utando unaouona ni mchanganyiko wa fangasi mwenyewe, seli zilizokufa na mabaki ya chakula.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo watu huuliza, "nimeambukizwa na nani?", mara nyingi halina majibu. Hukuupata kwenye sahani ya jirani. La kuuliza ni mlinzi yupi kasinzia, na kwa nini sasa.

Si kila cheupe ni chenyewe

Kabla ya dawa, tuhakikishe tunaongelea kitu kimoja. Chukua kipande safi cha shashi au kitambaa laini kilichochemshwa, zungushia kidole, futa taratibu mara moja. Utando wa kandida hutoka kwa ubishi kidogo na kuacha chini yake nyama nyekundu, wakati mwingine inayotoa vitone vya damu. Maziwa kwenye ulimi wa mtoto yanatoka bila shida, na chini yake ulimi ni wa kawaida. Ukoga wa mtu mwenye homa, au aliyelala mdomo wazi, hukaa juu ya ulimi peke yake, hasa kwa nyuma. Ukigeuza shavu unakuta safi. Futa mara moja tu ujue. Wako wanaosugua kwa chumvi na kitambaa hadi damu itoke, wakidhani wanasafisha. Wanachofanya ni kumlimia fangasi shamba.

Kuna weupe usiofutika kabisa, na huo ndio wa kuogopa zaidi kuliko unaofutika. Michirizi meupe iliyosimama pembeni mwa ulimi kama vinyweleo mara nyingi huhusiana na kinga iliyoshuka. Doa jeupe gumu kwa mvuta sigara au mtumia ugoro, lililokaa zaidi ya wiki mbili au tatu, linapaswa kuonwa na daktari wa kinywa na meno, kwa sababu saratani ya kinywa huweza kuanza kimya hivyo hivyo.

Kandida pia huja bila weupe wowote. Ulimi unakuwa mwekundu, umelainika kama uliopigwa pasi, na unaungua ukila pilipili au nyanya. Au zinabaki zile pembe za mdomo zilizochanika, ambazo wengi wetu tunazipaka mafuta ya mgando na kuilaumu baridi. Kweli baridi ya Makete hupasua midomo, lakini hupasua katikati, na haikai pembeni mwezi mzima.

Mara tatu dukani

Nilipombana, shangazi akaniambia alishakwenda kwenye duka la dawa mara tatu. Aliogopa kufungua mdomo hata pale, akasema tu "nina fangasi". Akapewa kapsuli moja ya flukonazoli ya miligramu 150. Akameza, siku ya nne utando ukapungua, wiki ya pili ukarudi. Akaenda tena, kapsuli moja. Na tena.

Kosa ni rahisi kuliona ukilijua. Kapsuli moja ya 150 ni dozi ya fangasi wa ukeni, na mwanamke anayesema "nina fangasi" bila kuonyesha mahali atapewa dawa ya mahali panapojulikana zaidi. Fangasi wa kinywa kwa mtu mzima, ikiamuliwa atibiwe kwa flukonazoli, humezewa miligramu 100 hadi 200 kila siku kwa siku 7 hadi 14. Silaumu maduka. Sisi watu wa kusini tuna sababu ya kuyaheshimu: mpango wa maduka ya dawa muhimu yenye wauzaji waliofundishwa ulianzia kwa majirani zetu wa Ruvuma mwaka 2003, ndipo ukaenea nchi nzima. Lakini muuzaji hutibu maneno yako. Mdomo hajauona.

Flukonazoli yenyewe si peremende. Inagombana na dawa nyingine: mwenye kisukari anayemeza glibenklamaidi anaweza kushukiwa na sukari hadi akazimia, anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda anaweza kuvuja damu, na mjamzito asiitumie bila daktari kujua. Rifampisini ya kifua kikuu nayo huipunguza nguvu. Vidonge vya kumeza vya ketokonazoli, ambavyo mtu anaweza kuwa navyo kabatini tangu zamani, viache; viliumiza maini ya watu kiasi kwamba mwaka 2013 nchi za Ulaya zilisimamisha kuvitumia kwa fangasi.

Dawa iliyotoka shambani

Dawa ambayo shangazi angeanza nayo ina historia ambayo mkulima yeyote wa Uyole angeifurahia. Mwishoni mwa miaka ya 1940, wanasayansi wawili wanawake wa Marekani, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, walikuwa wanatafuta kitu kwenye udongo chenye kuua fangasi. Penisilini ilishafika, bakteria walikuwa wanakufa, na kwa kuwa bakteria walikufa fangasi wakapata uwanja. Hazen alikaa mji wa New York akikuza vijidudu kutoka sampuli za udongo; vilivyoonyesha dalili nzuri alivituma kwa posta ndani ya mitungi ya vioo hadi Albany kwa Brown, mkemia, aliyechambua na kumrudishia. Vingi viliua fangasi, na kuua panya pia. Kilichofaa kilitoka kwenye udongo wa shamba la rafiki yake Hazen huko Virginia. Wakakitangaza mwaka 1950 na kukiita nistatini, kwa heshima ya jimbo la New York lililowaajiri. Mamilioni ya dola yaliyotokana na hati miliki hawakuyatia mfukoni, waliyaelekeza kwenye utafiti.

Nistatini hutoboa ngozi ya fangasi mpaka yaliyomo yakavuja. Haipenyi kutoka tumboni kwenda kwenye damu, kwa hiyo haina ugomvi na dawa nyingine na ni salama kwa kichanga. Sifa hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake: inaua inapogusa tu. Ukiimeza kama dawa ya kikohozi, gluk, imekupita.

Nimeona watu wengi wakisema "nistatini hainifai", kisha ukiwauliza waliitumiaje unagundua chupa haikupata nafasi ya kufanya kazi. Tikisa chupa kwanza, dawa huzama chini. Kula au piga mswaki kabla, si baada. Mtu mzima hupima mililita 4 hadi 6, nusu upande huu wa mdomo na nusu upande ule, anaizungusha na kuikalisha dakika kadhaa kabla ya kumeza. Kisha asile wala asinywe kitu kwa kama nusu saa. Mara nne kwa siku, na aendelee siku mbili zaidi baada ya weupe kutoweka, kwa kawaida wiki moja hadi mbili kwa jumla. Na kama una ile dawa ya kusukutua ya klorheksidini uliyopewa kwa ajili ya fizi, usizichanganye. Zikikutana mdomoni zinaharibiana. Weka muda mrefu katikati au acha moja.

Mwenye meno ya bandia avue kila usiku, ayasugue na kuyaloweka, na ayavue pia wakati wa kuweka dawa. Fangasi hujibanza kwenye plastiki ile, na chini yake hewa na mate havifiki. Mswaki wa zamani utupwe.

Walinzi wanavyosinzishwa

Msimu wa baridi huku kwetu ni msimu wa amoksilini. Kila mafua yana kapsuli zake, na siku hizi watu wamehamia "azuma", yaani azithromaisini, siku tatu, mambo kwisha. Mafua ni kirusi, dawa hizo hazikigusi. Zinachofyeka ni bakteria wa kinywani waliokuwa wamemzunguka kandida. Wiki moja baadaye ulimi unawaka, mtu anarudi dukani na kupewa antibayotiki yenye nguvu zaidi.

Kisukari ni mlango mwingine. Sukari ikipanda kwenye damu inapanda hata kwenye mate, na mate yenyewe hupungua. Kuna watu waligunduliwa kisukari kwa sababu ya mdomo tu. Upungufu wa damu nao umo. Ziko dawa zinazokausha kinywa, na wako wanaomeza deksamethasoni kimyakimya ili wanenepe, bila kujua kwamba mashavu yanayojaa ni yale yale ambayo kinga yake inalazwa.

Kwa shangazi hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichokuwa na hatia. Nilimpeleka hospitali, na namshukuru mtabibu kijana tuliyemkuta, maana hakuanza na dawa. "Kamwene, mama," alimsalimia, akaangaza tochi, akafuta kidogo kwa shashi, kisha akavuta kiti.

"Mama, kuna dawa yoyote unayotumia kila siku?"

"Hapana."

"Ya kumeza hakuna. Ya kupuliza je?"

Shangazi akanitazama kama niliyemsaliti, akatoa kwenye mkoba kile kipulizio chake cha pumu cha rangi ya kahawia. Miaka arobaini ya jiko la kuni katika nyumba isiyo na dohani ilimwachia kifua kinachofunga, na anapuliza asubuhi na usiku. Kipulizio cha buluu hufungua kifua papo hapo, hakina neno. Cha kahawia kwa kawaida kina dawa jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe kwenye njia za hewa, na sehemu kubwa ya dawa hiyo haifiki kifuani. Inatua kwenye ulimi na koo, na pale ilipotua inailaza kinga.

"Ukishapuliza unasukutua?"

"Nilikuwa nasukutua. Tangu Juni sijaweza. Maji ya saa kumi na moja alfajiri, baba, meno yanataka kung'oka."

Nilitaka kucheka nikajizuia. Miezi miwili ya kujificha, kapsuli tatu, kwaya imepoteza sauti ya pili, na sababu ni ndoo ya maji iliyolala nje kwenye baridi ya Njombe.

Mtabibu hakuishia hapo, na hilo ndilo ninalotaka lisikike. Alimtoboa kidole akapima sukari. Akamwambia pia kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia presha: "Na VVU tutapima, mama. Kila mwenye utando huu tunampima." Shangazi alikubali, akayashika majibu yake dakika chache baadaye kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzie amshikie. Hana. Aliondoka na chupa ya nistatini na agizo: usiache dawa ya pumu, sukutua kwa maji ya vuguvugu, uteme, usimeze. Akafundishwa pia kupulizia kupitia chombo cha katikati, kinachokaa kati ya kipulizio na mdomo, ili dawa nyingi zaidi ishuke kifuani na kidogo ibaki mdomoni. Si lazima kinunuliwe. Madaktari wa Cape Town walikwishaonyesha mwaka 1999, kwa dawa ya kufungua kifua na kwa watoto wenye pumu, kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako ikatoshea kipulizio hufanya kazi vizuri.

Pale ambapo tafsiri ni ile ile

Sasa nikiishia kwa shangazi nitakuwa nimewadanganya. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta watu wazima wanaoishi na VVU ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, ilhali wastani wa nchi ni 4.4. Kwa hesabu hiyo, kwa mtu mzima wa mikoa hii mwenye utando ambaye hapulizi, hana kisukari na hakumeza antibayotiki, kipimo hakikwepeki. Uhusiano huo ni wa tangu siku ya kwanza: taarifa ya Juni 1981 kutoka Los Angeles, ile iliyoitambulisha dunia kwa UKIMWI kabla haujapewa jina, ilihusu vijana watano, na wote watano walikuwa na kandida.

Namfahamu dereva wa bajaji wa Mwanjelwa, aliyeniruhusu kusimulia ilimradi nisimtaje. Aliuona utando akajiambia ni sigara. Alinunua nistatini, ukapungua. Mara ya tatu ulipoirudia safari yake, kumeza kukawa kazi. Ugali ukisimama kifuani kama kokoto, kisha hata chai ikaanza kuuma. Akaishi kwa uji na kupungua hadi mkanda ukahitaji tundu jipya.

Maumivu yale wakati wa kumeza yanamaanisha fangasi ameshuka kwenye umio, bomba la chakula, na hapo mchezo umebadilika. Nistatini haitoshi tena. Hutakiwa flukonazoli ya miligramu 200 au zaidi kila siku kwa wiki mbili hadi tatu, chini ya daktari. Na kwa mwenye VVU, Shirika la Afya Duniani huuhesabu utando wa mdomoni unaodumu kuwa hatua ya 3 ya ugonjwa, na wa umioni hatua ya 4, ya mwisho. Maana yake hapimwi mdomo tu. Huangaliwa CD4 (idadi ya zile chembe nyeupe za kinga), kifua kikuu, na yule fangasi mwingine anayeshambulia ubongo, kwa kuwa kinga iliyomruhusu kandida kushuka hadi kooni inaweza kuwa imewafungulia na hao.

Alipima, akakutwa nayo, akaanza dawa za kufubaza virusi (ARV). Mdomo ulipona ndani ya wiki chache. Zaidi ya hapo, haujarudi, na hili watu hawalisemi vya kutosha: dawa ya kudumu ya utando kwa mwenye VVU ni ARV zenyewe, kwa kuwa zinamwamsha mlinzi. Kandida akionekana kwa mtu aliye kwenye dawa muda mrefu na alikuwa safi, ni ishara ya kurudi CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, kabla ya tarehe ya kadi, wakapime wingi wa virusi. Huenda dozi zimerukwa, huenda dawa imezoeleka. Kumeza kapsuli za fangasi mwezi hadi mwezi ili kuzima dalili hiyo kuna gharama nyingine pia: fangasi hujifunza. Wapo jamaa zake kandida ambao flukonazoli haiwatishi kabisa, na ukimfyeka dhaifu kila mara unambakiza sugu.

Vichanga

Kwa mtoto wa wiki chache utando ni jambo la kawaida, kinga yake bado changa na huenda alimpata fangasi wakati wa kuzaliwa. Mililita 1 ya nistatini, mara nne kwa siku, kwa siku 7, baada ya kunyonya, nusu kila shavu, kisha unampaka kwa kidole safi sehemu zenye weupe. Mama aangaliwe matiti siku hiyo hiyo. Chuchu nyekundu zinazong'aa na kuwaka kama zilizopakwa pilipili zinatibiwa pamoja na mtoto, ama sivyo watarushiana mpira. Maziwa hayajachafuka, ingawa bibi husema yamechafuka, na mtoto asiachishwe. Ila mama anayeishi na VVU, akiona vidonda mdomoni mwa mwanawe au michaniko kwenye chuchu, awahi kliniki siku hiyo, kwa sababu hapo njia ya virusi kupita inapanuka. Na mtoto yeyote aliyevuka wiki 6 hadi 8 huku utando umegoma au unarudi, apimwe.

Zile dawa za jikoni zina madhara makubwa zaidi kwa hawa wadogo. Asali kwa aliye chini ya mwaka mmoja inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaopoozesha misuli, hata iwe asali safi namna gani. Magadi yanaunguza. Jeli ya mikonazoli, nzuri kwa wakubwa, imewahi kuwaziba pumzi vichanga. Chini ya miezi minne isitumike. GV, ile dawa ya zambarau iliyotuchafulia fulana sote, ilikuwa kwenye miongozo kwa miaka mingi ikiwa imepunguzwa nguvu hadi asilimia 0.25, lakini mwaka 2019 Kanada ilitoa onyo kuwa inahusishwa na saratani, na nistatini ikiwepo sioni sababu yake. Kuhusu kumpeleka mtoto kwa fundi akakatwe kimeo kwa kuwa hanyonyi, nitasema neno moja: damu. Kimeo hakina hatia, na wembe ule haukuchemshwa.

Mtoto anayekataa titi kabisa, au mtu mzima asiyeweza kumeza hata maji, au yeyote mwenye utando na homa au anayepungua mwili, asingoje Jumatatu.

Shangazi alirudi kwaya Jumapili ya pili ya Agosti. Kando ya kitanda chake sasa kuna chupa ya chai isiyo na chai, maji ya moto tu. Saa kumi na moja anapuliza mara mbili, anachanganya maji kwenye kikombe cha bati, anasukutua kwa kelele ambazo nyumba nzima tunaamka nazo, kisha anafungua mlango wa nyuma na kutemea kwenye shina la mparachichi. Anasema mti ule hautaugua pumu maisha yake yote.